Kufuli la Dhahabu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimelifungua tena daftari hili. Nililiacha tangu kustaafu. Sasa nina cheo, na mtu mwenye cheo lazima aweke kumbukumbu. Cheo chenyewe: Meneja wa Mtandao, duka la Dada. Nimejipa mwenyewe. Dada hakukataa. Alikuwa na pini mdomoni.

Hali ya duka: mbaya. Wiki ya tatu hii hakuna aliyejaza fomu. Dada anashona sidiria za wanawake waliokatwa titi kwa ajili ya saratani. Kila moja ina mfuko kwa ndani wa kutilia titi la pamba, na kila moja hushonwa kwa vipimo vya mwenyewe, maana hakuna wawili waliokatwa sawasawa. Ya kwanza alijishonea yeye, miaka minne iliyopita, mwaka mmoja baada ya kutoka hospitali. Wateja wengi wako mbali, na hata walio karibu hawataki kuonekana wakiingia. Wanajaza fomu kwenye tovuti: vipimo, upande gani, kovu linapita wapi. Mambo ambayo mtu hamwambii hata mama yake.

Leo Dada ameshika kazi iliyokwisha kabisa, akaifumua yote, akaanza upya. Nikamuuliza kulikoni. Akasema huenda mkono wake umeharibika na watu wameshajua. Mkono wake haujaharibika hata kidogo. Roho iliniuma. Nikatoka nje nikajifanya natazama mvua. Hakukuwa na mvua.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimegundua tatizo. Ukifungua tovuti yetu kwenye simu, juu kabisa, kando ya anwani, pameandikwa "Si salama". Mchana kweupe. Ni sawa na kuandika mlangoni "Humu mna nyoka" halafu ukashangaa watu hawaingii.

Haya yalianza nilipotuhamishia kampuni nyingine ya kutunza tovuti. (Ile ya zamani ilikuwa ikinijibu kwa mkato.) Kusema kweli, hii mpya imetuandikia. Mara tatu. Kwamba tovuti haina cheti cha usalama, kwamba tubonyeze mahali fulani watuwekee, bure. Barua zote tatu nilizichapa, nikazigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nikazipa namba 14, 15 na 16, nikaziweka kwenye faili. Zipo. Hazijakunjika hata ncha. Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa masjala na sijapoteza barua hata moja. Wa kuzitekeleza walikuwa watu wengine.

Nilikuwa nimeshanyoosha kidole nibonyeze. Akaingia Fundi Redio. Duka lake na letu ni pua na mdomo: ukuta mmoja, waifai moja. Anatengeneza redio, simu, kompyuta, na siku hizi kazi yake kubwa ni kuja kuazima mkasi kwa Dada. Mtu mwenye mikasi minne, nimeihesabu. Akamwambia Dada kwa ile sauti yake ya taratibu kwamba ameona tovuti haina kufuli, yaani kile cheti, na kwamba anaweza kuliweka kabla chai haijapoa. Dada akanigeukia. Nikasema shughuli hiyo iko mezani kwangu na inakwenda vizuri.

Sasa siwezi kubonyeza. Nikibonyeza itaonekana ni kwa sababu yeye amesema.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Ushindi! Kufuli limewekwa. Nimelichora mwenyewe kwa kompyuta, siku mbili kamili. La dhahabu, lina kivuli chini, na tundu la ufunguo linameremeta. Nimelibandika juu ya fomu, na chini yake nimeandika kwa herufi nyekundu: SIRI. Sawasawa na muhuri wangu wa kazini. Miaka yote ile niligonga SIRI kwenye bahasha na hakuna aliyezifungua. (Mmoja alizifungua, lakini alihamishwa.) Watu huheshimu alama.

Yale maneno "Si salama" bado yapo kule juu. Lakini ni madogo. Kufuli langu limeyazidi mara ishirini.

Dada amelitazama kwa muda. Akauliza kama hili ndilo lile alilosema Fundi. Nikamjibu kwamba hili ni bora kuliko lile. Akanipangusa chaki begani, akasema asante mdogo wangu, leo nitashona nimetulia. Kichwa kikanivimba. Halafu wakati wa kula, sijui kwa nini, nilikaa nimeipa simu mgongo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Fomu imejazwa. Mchana, saa saba na robo. Nilimwita Dada kwa sauti mpaka akajichoma sindano.

Mteja ni mwalimu. Ameandika vipimo vyote kwa mpangilio, na mwisho ameongeza haya, nayanakili kwa ajili ya kumbukumbu: "Nilianza kujaza mara mbili nikaogopa, kwa sababu simu iliniambia si salama. Leo nimeona mmeweka kufuli, nimepata moyo. Natumia mtandao wa hapa shuleni, chumba cha walimu, kwa sababu nyumbani simu yangu wanaishika watoto. Hapa hakuna anayejua, naomba iwe hivyo. Kila siku nafundisha nimeshika kitabu kifuani. Nimechoka kukishika."

Dada alisoma amesimama. Aliposoma la kitabu, akakaa. Akasema yeye alikuwa akishika mkoba, mwaka mzima, hata ndani ya nyumba. Sikujua hilo. Mwaka mzima tulikaa nyumba moja na mimi nilidhani anapenda mkoba ule.

Akaenda mezani akaanza kukata kitambaa papo hapo. Alikuwa anaimba. Kufuli langu limefanya hayo.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi Fundi Redio alikuja na maandazi. Dada akacheka mara tatu. Nikaona nisipoziba ufa mapema Fundi atachukua nafasi yangu. Mpango wangu: Dada apokee barua ya sifa kutoka kwa mgeni wa tovuti. Nikakaa pembeni na simu, nikafungua fomu yetu, nikaandika nikijifanya mteja: "Meneja wenu wa mtandao ni mtu wa pekee. Kufuli lake limenitoa machozi. Msimbadilishe na fundi yeyote, hasa fundi wa redio." Nikatuma. Nikajitia hamnazo, nikaanza kupanga vifungo.

Haikupita dakika mbili, ukuta ukagongwa. Fundi ananiita kwake.

Kwenye kompyuta yake kulikuwa na mistari mingi isiyoeleweka, na katikati yake, neno kwa neno, barua yangu. Hata kosa langu la nukta lilikuwepo. Akaisoma kwa upole mpaka "hasa fundi wa redio". Hakucheka. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakitikisika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akasema tangu juzi amekuwa na wasiwasi, kwa hiyo leo ameamua kujaribu mtandao wetu aone kinachopita. Hakuvunja kitu wala hakuiba ufunguo. Programu ya kutazamia anaipata mtu yeyote. Akanieleza kama mtu anayemweleza karani mwenzake: kile kinachoandikwa kwenye tovuti isiyo na kufuli husafiri kama barua bila bahasha. Kila mkono inaopitia unaweza kuisoma. Hata kuibadilisha. Mtu akitaka anafuta kipimo kimoja anaandika kingine, na mpokeaji hajui. Kwenye tovuti yenye cheti, maneno husimbwa kabla hayajaondoka, yanavurugwa yasisomeke, na anayeweza kuyapanga tena ni yule aliye upande wa pili tu. Na cheti humhakikishia mgeni kwamba amefika kwenye anwani yetu kweli, hajanaswa njiani na mtu anayejifanya ni sisi.

Nikamuuliza je, picha ya kufuli. Akasema imechorwa vizuri sana.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mwalimu. Chumba cha walimu. Mtandao mmoja, walimu wote. Aliogopa mara mbili, na mara ya tatu hakuogopa kwa sababu yangu. Simu yake ilimwambia kweli. Mimi ndiye niliyemdanganya.

Nikakaa juu ya spika. Fundi akaniletea maji. Nikamsihi asimwambie Dada. Akasema hatamwambia, si kazi yake kusema. Kisha akasema pole, shemeji. Halafu akakohoa, kana kwamba neno limemtoka bila ruhusa.

Shemeji! Sikuwa na nguvu hata za kukasirika.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimemwambia Dada.

Kwanza nilijaribu njia nyingine. Niliosha vyombo vyote. Nikafagia uani. Nikatia mafuta cherehani. Akaniuliza nimevunja nini. Nikasema sijavunja kitu. Nikasema yote.

Ningefurahi angenigombeza. Aliacha kazi, akaweka mikono juu ya kile kitambaa cha Mwalimu. Akasema alipotoka hospitali alifunika kioo cha chumbani kwa shuka, na mtu wa kwanza kumwonyesha lile kovu, baada ya mwaka, alikuwa mshonaji mmoja mzee, kwa sababu alifunga mlango kwa komeo na kumwambia usikie komeo hilo, ndipo uvue. Hapo ndipo alipopata wazo la duka hili. Akasema kwamba sisi hatuuzi sidiria. Watu wanatuletea kitu wasichomwonyesha mtu, na kazi yetu ya kwanza kabla ya sindano ni kufunga mlango. Akasema mimi nimechora mlango ukutani.

Nilimwambia tu kwamba nilifanya kwa sababu aliifumua ile kazi nzima Jumatatu, na sikuweza kuvumilia kumwona. Na kwamba Fundi anajua kompyuta, anajua makufuli, anajua mpaka kunyamaza, na mimi nikitolewa kwenye tovuti sijui nitakuwa nani humu ndani.

Alinitazama. Akasema nikalete faili.

Nikalileta. Akasoma barua namba 14. Akasoma namba 15. Alipofika namba 16 alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na sikujua kama analia au anacheka. Akagonga ukuta. Fundi akaja, na mkasi mkononi kama kisingizio. Dada akasema anayebonyeza ni mimi, Fundi asimame tu.

Nikabonyeza. Fundi akaelekeza sehemu mbili tatu ili anayefungua anwani ya zamani, isiyo na kufuli, naye apelekwe penye kufuli. Chai ilikuwa bado ya moto. Juu pale, yale maneno "Si salama" yakatoweka, kimya kimya, bila hata kivuli wala mng'aro. Dada akapagusa kwa kidole chake chenye matundu ya sindano.

Nikaamriwa nilitoe kufuli la dhahabu. Nimelitoa. Nimelichapa na kulihifadhi kwenye faili. Namba 17.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Dada ameamuru nimpigie Mwalimu simu mwenyewe. Nikapendekeza barua. Akakataa. Nikapendekeza ampigie yeye, mwanamke kwa mwanamke. Akanisukumia simu.

Nimejikaza kisabuni. Nimemweleza kwamba lile kufuli lilikuwa mchoro, na mchoraji ni mimi. Akauliza kama kuna aliyesoma. Nikasema sijui. Neno gumu hilo kwa mtu wa masjala. Kwa miaka thelathini na moja niliweza kusema kila barua imepita mkono wa nani.

Nikasikia kengele ya shule, watoto wakikimbia. Akasema chumba kile wanakaa walimu kumi na mmoja, na kuanzia leo atakuwa akiwatazama mmoja mmoja. Nikasema nisamehe, mwalimu. Sikuongeza kitu. Nilikuwa nimeandaa karatasi yenye sababu sita, nikaikunja.

Baadaye akauliza kama sasa ni kweli. Nikamwambia asitazame picha yoyote. Atazame juu, kando ya anwani. Na akiingia tovuti yoyote kuandika jambo lake, atazame hapo kwanza kabla ya kumwamini mtu, hata mimi. Nadhani alitazama. Akasema ameona maneno hayapo.

Akasema ungeweza kunificha, nisingejua. Nikasema ndiyo. Akasema haya, mwambie dada yako aendelee. Ila kifurushi kije bila maandishi yoyote ya kazi yenu. Jina lake tu na anwani.

Nilikata simu, nikageuka. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Ameniwekea mkono kichwani, kama zamani nilipokuwa na homa.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Kazi imekwisha. Nzuri ajabu, laini kama shavu la mtoto. Nimekabidhiwa kufunga kifurushi. Karatasi ya kaki, kamba, mafundo mawili. Hakuna maandishi ya kazi yetu. Kisha nikafikiria usalama wa njiani, nikaenda nikatafuta muhuri wangu wa zamani. Nyekundu, upande wa juu na wa chini. SIRI. SIRI.

Dada alikutana na kifurushi mlangoni. Akaniuliza taratibu, tarishi akishika mzigo ulioandikwa siri kwa wino mwekundu mara mbili, atafanya nini njia nzima. Nikafikiri. Nikasema atauheshimu. Tumefunga upya. Muhuri umetwaliwa. Uko kwenye mkebe wa vifungo, na mkebe uko kwa Fundi Redio.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Fomu sita tangu wiki iliyopita. Dada ameacha kufumua.

Leo imeingia ya saba, na haikuwa oda. Ni Mwalimu. Ameandika kwamba kifurushi kilifika. Amevaa. Jana aliingia darasani, akaweka kitabu mezani, akainua mkono akaandika juu kabisa ubaoni, mahali ambapo hajafika tangu mwaka juzi. Chaki ikamwangukia, akainama akaiokota kama mtu mwingine yeyote. Na kwamba amewatazama wale kumi na mmoja na hakuona kitu usoni mwa yeyote, labda hakuna aliyesoma, labda mmoja alisoma na ni mtu mwema. Ameamua kuishi hivyo. Mwisho ameandika: "Mwambie mchoraji namsalimia."

Dada alinisomea kwa sauti. Fundi alikuwepo, anarudisha mkasi. Sote watatu tukatafuta cha kutazama. Mimi nililia, naandika wazi, sioni haya. Fundi naye aliondoka haraka, akausahau mkasi, na akachukua wetu.

Ijumaa, tarehe 22 Machi

Fundi amezungumza na Dada uani. Walikaa mpaka jua likahama ukuta. Dada alirudi ndani anatafuta uzi uliokuwa mkononi mwake.

Sikuuliza. Hakusema. Lakini naona mambo yanakoelekea. Ni mtu mzuri, na nikilazimishwa kutaja kasoro yake nitashindwa, jambo ambalo linanikera. Yeye atahamia kwetu, au Dada atahamia kwake, na vyovyote vile kutakuwa na mtu mmoja wa ziada, na namjua. Nimekaa na wazo hilo mchana kutwa. Nampenda sana Dada. Sijawahi kumwambia, nyumbani kwetu hatukuzoea kuambiana.

Sasa nimesoma daftari hili tangu mwanzo na jasho likanitoka. Limejaa mambo. Barua ya sifa. Machozi. Mkasi. Haya ya leo. Likisomwa nimekwisha! Lazima lifungwe, na nilijifunza kwa uchungu kwamba jambo la usalama halingoji kesho.

Nimechukua hatua papo hapo. Nimetoa namba 17 kwenye faili, nikaikata pembeni vizuri, nikaibandika kwenye jalada kwa gundi. Kufuli la dhahabu, lote. Chini yake, kwa kalamu nyekundu maana muhuri umetwaliwa, SIRI. Nimeliweka daftari kwenye droo ya Dada ya mkasi, mahali ambapo hakuna atakayedhani.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Daftari limeingiliwa.

Chini ya maandishi ya jana kuna mwandiko wa penseli, ile ya kuchorea vitambaa. Naunakili hapa kwa wino, kama ushahidi, maana penseli hufutika:

"Mdogo wangu, nilikuwa natafuta mkasi. Fundi anahamia kwetu nikimaliza hizi oda sita. Chumba chako ni chako. Nimemwambia kwamba mimi na wewe tunakwenda kwa pamoja kama viatu, asiyetaka mguu mmoja aache na wa pili. Akasema alishakuita shemeji tangu zamani. Wewe ndiwe uliyempigia simu Mwalimu, hakuna fundi wa kufanya hilo. Nami nakupenda. Chai iko mezani."

Nimesoma mara nne. Nikaenda nikanywa chai. Alikuwa anashona, hakuinua kichwa, nami nikakaa karibu yake nikamtungia uzi kwenye sindano tatu, ambazo hakuwa anazihitaji.

Kisha nimerudi kuchunguza. Jalada halina mkwaruzo. Kufuli liko vilevile, tundu la ufunguo linameremeta. Nimelikagua kwa miwani na bila miwani. Sielewi kabisa alipitia wapi.

Nadhani lilikuwa dogo. Nimeanza kuchora lingine, la ukubwa wa jalada zima, na safari hii nitalizungushia mnyororo.